Hodi Kwenye Mstari wa Kulenga

Wageni wetu wengi hufukuzwa na bega. Huja kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha, kule timboni, Jumamosi asubuhi wamechangamka, hupiga picha wameshika bunduki ambayo hawajui hata inavyofunguka, hufyatua mara chache na kucheka sana. Kesho yake bega huamka limevimba, lina rangi ya biringani, nasi hatuwaoni tena. Nimewaona wapishi wa hoteli, walimu, mawakala wa nyumba, hata daktari mmoja wa meno, wote wakiapa kwamba watarudi. Kazi yangu pale ni kuwapokea watu hao na kuwafanya wabaki. Aliyenipa kazi hiyo hakuangalia upole, kwa sababu sina. Mgeni akiniambia "nitarudi inshallah" huku macho yake yako langoni, huwa natamani kumshika nguo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kuna kibanda kifupi kilichochimbiwa chini, na ndani yake mna mashine. Mlengaji anasimama nyuma ya kibanda, anatia risasi na kuifunga bunduki, maana hizi hukunjika katikati, anaita "Toa!" Mmoja wetu anabonyeza kitufe, na mashine inarusha kisahani cha udongo kinachokimbia mbele kama kware aliyeshtuliwa majanini. Mlengaji hajui kitakwenda kushoto au kulia. Anakifuata, anafyatua, na ile bunduki ya marisau inamwaga vijipande vidogo vya risasi hewani. Kisahani kinavunjika, au kinakwenda zake kizima. Vituo vya kusimama ni vitano, na watu watano hulenga kwa zamu, kila mmoja kwenye kituo chake.

Sisi tulikuwa wanne. Klabu ilianzishwa na wenye hoteli na wenye majumba ya ufukweni kule Diani, wakakodi timbo la zamani la mawe ya matumbawe upande wa bara wa barabara ya Msambweni. Baadaye wengine walizeeka, wengine wakarudi kwao, wengine tukawazika. Tuliobaki ni mwenyekiti, ambaye ni mhandisi mstaafu kutoka bara, mameneja wawili wa hoteli, na mimi. Nilizaliwa Kwale mjini, nikawa askari wa wanyama katika msitu wa milimani, nikafukuza ndovu mashambani mwa watu mpaka nikastaafu. Kila Jumamosi nilikuwa nakitazama kile kituo cha tano kilivyokaa kitupu na roho inaniuma. Klabu isiyopata wageni inakufa hata kama mashine yake ni mpya.

Basi nilianza kutengeneza pale mahali. Nilipofika hapakuwa na pa kutawadha, wala pa mwanamke kama mimi kuvua buibui akaliweka. Nilileta birika, mkeka na kioo. Nilipika chai ya tangawizi na mahamri, maana mtu aliyekosa visahani vyote anahitaji kitu mkononi kabla hajafika langoni. Mwenyekiti alilalamika kwamba nimegeuza klabu ikawa harusi. Nilimwambia harusini watu hurudi.

Siku moja walikuja walinzi wa hoteli kadhaa za Diani, tuliokuwa tumewaalika wajifunze usalama wa bunduki na kuonja mchezo. Miongoni mwao alikuwa mwanamke mmoja kijana, mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama getini na kupitisha kioo chini ya magari. Alikuwa hasemi. Wenzake walipokuwa wakipigana picha, yeye alikuwa akiitazama mashine. Nilikunja kipande cha kanga nikamwekea begani ndani ya buibui, nikampa bunduki nyepesi kuliko zote, nikamwonyesha namna ya kuulaza uso kwenye kitako. Alikosa, akakosa tena. Kisha kisahani kimoja kikapasuka mbele yake kikawa vumbi jeusi.

Hakupiga kelele wala hakuruka. Alilitazama lile vumbi mpaka likatua, akafungua bunduki kama nilivyomwonyesha, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naweza kuomba kingine?"

Nilijua papo hapo kwamba huyu ndiye. Nimepokea wageni wengi mno, siwezi kukosa kuijua sauti ya mtu ambaye bega lake halitamfukuza.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Lakini ilikuwa ni kurudi kwa wizi. Aliolewa Munje, mumewe ni baharia wa meli za mizigo, na yeye alikuwa akiishi na mavyaa wake, mama mzaa mume. Nyumbani alikuwa akiaga kwamba ana zamu. Alipomweleza mumewe kwenye simu, mume alijibu neno moja tu: mama akikubali, mimi sina neno, mama akikataa, na mimi nimekataa. Hivyo kituo chetu cha tano kilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye hatujawahi kumwona.

Nilifunga safari kwenda Munje. Nilibeba sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi. Mavyaa nilimkuta uani ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alikuwa mtu mzima wa kimo kifupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukuna. Nilimweleza kwamba ni mchezo kama michezo mingine, kwamba bunduki hazitoki nje ya uzio, kwamba mkaza mwana wake ana jicho la kulenga.

Alipomaliza kifuu kile alikiweka chini. "Mwanangu," akaniambia, "unajua mimi nimeishi hapa miaka yote ya vurugu. Walikuja watu usiku wakimtafuta kaka yangu. Mmoja alinielekezea bunduki hapa." Aligusa kifua. "Mume wa huyu mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikauona ule mdomo wa bunduki. Ni tundu jeusi tu, hakuna kingine. Ukiliona mara moja, linakaa na wewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Nilimwambia tu, "Njoo uone kwa macho yako, mama. Ukisema hapana, mimi sitakuja kukusumbua tena."

Alichukua kifuu kingine, akasema, "Nitakuja."

Tulikubaliana aje Jumamosi baada ya adhuhuri, nami nimpokee langoni. Nilipanga kila kitu kichwani: nitamkalisha mbali, bunduki zote zitakuwa wazi kwenye rafu yake, ataona kwanza zikiwa kimya. Lakini alikuja mapema. Alipata tuktuk mpaka Ukunda, nyingine mpaka kwetu, na kijana wetu wa langoni alikuwa amekwenda kuleta visahani. Wakati ule nyuma ya mstari wa kulenga palikuwa na kamba tu, tena imelegea, imelala mchangani. Aliivuka bila kuiona.

Mkaza mwana wake alikuwa kwenye kituo cha tano. Bunduki ilikuwa imefungwa, kitako kiko begani. Kifuniko kimoja cha masikio kilikuwa kimeteleza juu ya mtandio, na alikuwa amekiacha hivyo ili anisikie, kwa sababu nilikuwa nimesimama ubavuni mwake nikimwelekeza pa kuweka mguu. Mwenyekiti na mameneja wawili walikuwa wamesimama kwenye vituo vyao.

Mtu muungwana akiingia kwa watu hufanya nini? Hupiga hodi. Mavyaa alisimama nyuma yetu, akapaza ile sauti yake: "Hodi!"

Lazima nieleze jambo hili kwa yule asiyekulia kwetu. Mkaza mwana akisikia sauti ya mavyaa wake, huacha alichoshika, humgeukia uso mzima, hupiga goti kidogo na kumwamkia. Kumpa mavyaa mgongo ni tusi. Binti hufundishwa hivyo kabla ya harusi na wakati wa harusi, na baada ya harusi anakuwa hafundishwi tena, mwili unajua wenyewe. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi asigeuke na bunduki. Alikuwa ameyarudia maneno yangu kama anayesoma juzuu. Haikusaidia kitu.

Aligeuka. Aligeuka mwili mzima, goti tayari linakunjika, mdomo tayari unasema "shikamoo", na mtutu ukaja pamoja naye. Ulipita kwa meneja wa kwanza, ukapita kwa wa pili, ukapita kwa mwenyekiti, na wanaume wale wazima wakaanguka mchangani kama nazi. Ulisimama ulipofika kwa mama. Nakumbuka kidole cha binti kilikuwa kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mbali na kifyatulio, kama nilivyomfundisha, na kwamba hilo ndilo jambo pekee lililotuokoa. Niliupiga mtutu kwa mkono kutoka chini ukaelekea mbinguni, nikamnyang'anya bunduki, nikaifungua. Risasi nzima iliruka, ikaanguka miguuni mwangu.

Mavyaa hakupiga ukelele. Alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, pale pale alipokuwa amenionyesha uani kwake. Uso wake ulikuwa umekauka. Alijitanda kanga, akageuka, akarudi langoni kwa miguu yake, na tuktuk iliyomleta ikamrudisha.

Yule binti alikuwa amekaa chini. "Mwalimu," alikuwa akisema, "si mimi niliyegeuka. Mwili ndio uliogeuka." Alilia mpaka mtandio ukalowa.

Mwenyekiti alijikung'uta mchanga, akaja mpaka niliposimama. "Sheria ni sheria, madam. Aliyegeuza mtutu haingii tena humu. Wewe mwenyewe uliiandika kwenye ubao."

"Hakugeuza kwa upuuzi," nikamwambia. "Amegeuza kwa adabu."

"Marisau hayajui adabu."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilimwambia maneno mengine ambayo hayafai hapa, na yeye akanijibu ya kwake. Mwishowe nikamuuliza: je, yule mama mwenyewe akikubali kuja kusimama hapa tena, atampokea mkaza mwana wake? Alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa. "Huyo mama akirudi hapa, mimi mwenyewe nitamwandalia kiti. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

Habari ilifika Munje kabla ya jioni, ikiwa imenona njiani. Ilisemwa kwamba mkaza mwana amemwelekezea mavyaa bunduki, kwamba wamegombana juu ya mume, kwamba risasi ilitoka ikatoboa kanga. Mavyaa hakuongeza neno wala hakupunguza. Yule binti alinipigia simu akaniambia kwamba anapika na mama hali chakula chake, anajipikia muhogo wake pembeni. Siku iliyofuata mume alipiga simu kutoka melini. Alimwambia afungashe nguo arudi kwa wazazi wake, na yeye akitia nanga watazungumza na wazee. Kila mtu kwetu anajua mazungumzo hayo huishia wapi.

Usiku ule nilikaa kitandani nikijiuliza ni mchezo gani huu ambao ninawavutia watu mpaka wakose nyumba. Niliogopa. Nilifikiria kurudisha funguo za rafu kwa mwenyekiti na kubaki na kuku wangu. Asubuhi nikaoga, nikavaa, nikapanda gari la Msambweni.

Mavyaa nilimkuta uani, safari hii hana nazi, mikono yake imelala mapajani. Nilimwamkia, akaitikia. Hakunipa maji. Nilikaa chini kwenye mkeka, chini yake, nikamwomba radhi kwa niaba yangu na kwa niaba ya klabu. Nilimwambia kwamba tulipaswa kumpokea langoni na hatukuwepo, na kwamba mtoto wake hakukusudia ubaya.

"Najua hakukusudia," akasema. "Alikuwa ananiamkia. Nilimwona goti." Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Nataka kuuliza jambo moja. Ile bunduki ilikuwa na risasi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo njia nzima. Yeye hakuiona risasi ikianguka, mwili wangu ulikuwa umeikinga. Ningeweza kusema hapana, na moyo wake ungetulia, na wa binti, na wa baharia. Neno moja tu. Nilitazama mikono yake, nikaona kwamba nikimdanganya huyu mama nitakuwa nimemtia tena katika usiku ule wa zamani, na safari hii peke yake.

"Ilikuwa nayo," nikasema. "Ilikuwa imefungwa na ilikuwa tayari. Kidole tu ndicho hakikuwapo."

Alifumba macho. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kukusanya buibui langu niinuke.

"Wale wa usiku ule," akasema macho yakiwa bado yamefumba, "hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kukaa kwenye mkeka huu." Alipumua. "Sasa sikiliza. Mtoto asifungashe nguo kwanza. Nitakuja tena huko kwenu. Nitasimama nyuma yake na nitapiga hodi. Akigeuka, nitamshika mkono nimrudishe kwao mimi mwenyewe, kwa sababu siwezi kulala nyumba moja na mtu ambaye mwili wake ni hatari kwangu. Asipogeuka, tutaona."

"Mama, sitakubali usimame mahali ambapo mtutu unaweza kukufikia tena."

"Kwani nimekuomba ruhusa? Panga mawe, panga unachotaka. Ila usimwambie. Ukimwambia, hautakuwa mwili wake unaojibu, itakuwa ni wewe."

Niliahidi. Na ahadi ile ilinitesa kuliko kitu chochote nilichowahi kuahidi.

Nilimweleza mwenyekiti tu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema nimepagawa. Halafu alikuja na jembe. Tulipanga mawe ya timbo nyuma ya mstari mpaka yakawa ukuta wa kufika kifuani, kamba tukaikaza mbele yake, na kwenye ubao nikaandika sheria mpya: salamu ziishie kwenye kamba. Hakuna kuamkia wala kuitikia ukiwa na bunduki mkononi, awe ni nani. Mwenyekiti alikubali binti ashike bunduki tupu kwanza, isiyo na risasi, na mimi nimfanyishe mazoezi jioni akitoka zamu.

Kwa siku chache zile nilimwamkia kwa kila sauti niliyonayo. Alisimama kituoni na bunduki tupu nami nikawa nyuma yake. Nilipiga hodi. Nilitoa salaam aleikum. Nilimwita kwa sauti ya bosi wake wa getini. Nilipiga ukelele kwamba pana nyoka, na kwa nyoka hakugeuka. Kwa hodi aligeuka. Nikamwambia, "Mbele!" Akarudi mbele, akalia kidogo, akaanza tena. Yeye alidhani kwamba ni adhabu ya mwenyekiti. Mimi nilikuwa najua kinachokuja, nikawa namfokea kuliko ilivyostahili, naye hakujibu hata mara moja. Jioni ya mwisho niliigiza sauti ya mtu mzima, nzito, nikasema hodi. Mtutu ulibaki mbele, lakini shingo iligeuka. Nilimuaga nikamwambia akapumzike. Nilitaka kumwambia. Nilimfuata mpaka barabarani nikiwa na maneno mdomoni, nikaishia kumwambia avae kifuniko cha masikio ndani ya mtandio.

Jumamosi mbingu zilikuwa safi. Nilimweka kituo cha tano. Hiyo ndiyo ingekuwa risasi yake ya kwanza tangu siku ile, na mikono yake ilikuwa baridi nilipomkabidhi bunduki. Nilisimama ubavuni mwake karibu kabisa, mkono wangu chini ya mtutu, haugusi, uko tayari. Wengine wote niliwaambia wakae nyuma ya ukuta. Kwa pembe ya jicho nilimwona mavyaa akiletwa na mwenyekiti kutoka langoni. Mwenyekiti alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Alikiweka nyuma ya ukuta, akakifuta kwa kitambaa chake cha mkononi. Mama hakukaa.

Binti alitia risasi. Alifunga bunduki, nikausikia ule mlio wake. Alilaza uso kwenye kitako.

"Hodi!"

Vile vifuniko huzuia mshindo, havizuii sauti ya mavyaa. Mabega yake yalishtuka. Nilimwona amejua ni nani. Goti lake la kulia lilianza kukunjika lenyewe, kidogo kidogo, kama lilivyofundishwa, na mkono wangu ukapanda mpaka ukakaribia chuma. Mtutu ulitikisika. Haukuacha kuangalia mbele.

"Hodi hapa! Mwanangu, hunisikii? Mimi nimekuja, wewe wanipa mgongo?"

Machozi yalikuwa yanamchuruzika yakiingia kwenye kitako cha bunduki. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa ile shikamoo iliyokuwa imekwama. Nilitaka kumwambia ni sawa, usijibu, lakini nilikuwa nimeahidi. Goti lilikunjuka.

"Toa!" aliita, na sauti ikapasuka katikati.

Kisahani kilitoka kikakimbilia kushoto, chini sana. Alikifuata kwa kuchelewa, akafyatua. Kilikwenda kizima, kikatua vichakani bila hata ufa. Alifungua bunduki, akatoa ganda, akatazama ndani ya mtutu kuhakikisha ni mtupu. Aliibeba ikiwa imekunjika mpaka kwenye rafu, akaiweka. Akavua vifuniko vya masikio, akaviweka pembeni yake. Alifanya yote hayo kwa utaratibu, hakuruka hata moja. Ndipo akageuka, akatembea mpaka kwenye kamba, akapiga magoti mchangani.

"Karibu, mama," akasema. "Shikamoo."

Mama hakuitikia. Aliitazama bunduki pale kwenye rafu, wazi, haina kitu. Aliitazama kwa muda mrefu sana, mkono kifuani. Mwenyekiti alinitazama, nami nikatazama chini, kwa sababu sikutaka aone macho yangu. Kisha ule mkono ukashuka, ukapita juu ya mawe, ukakaa juu ya kichwa cha mkaza mwana wake.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Kile umekikosa."

"Ndiyo, mama."

Alikivuta kile kiti karibu na ukuta, akakaa, akaitengeneza kanga yake magotini. "Basi nenda kaombe kingine," akamwambia. "Mimi nimeshakaa."